Daftarisiha, si Kifuatiliaji Afya

Daftarisiha ni programu ya simu inayoandika habari za mwili wa mwenye simu: hatua alizopiga, mapigo ya moyo, saa alizolala, uzito wake na alichokula. Katika maandishi rasmi kitu hichohicho huitwa programu tumizi ya ufuatiliaji wa afya, jina la maneno sita ambalo mtu anayepanda mlima Menengai alfajiri hawezi kulimaliza bila kusimama kuvuta pumzi. Wengine huandika programu tumishi, kwa kuwa meza mbili za wataalamu zilikaa mbali na hazikusikilizana. Haijaelezwa bado ni programu gani isiyotumiwa wala kutumika hata hii ikahitaji sifa hiyo. Ufupisho wake, kifuatiliaji afya, umepunguza maneno ukabakiza makosa mawili.

Kosa la kwanza limo katika kitenzi. Kufuata ni kwenda nyuma ya mtu. Kufuatia ni kuja baada yake. Kufuatilia, kitenzi chenye mnyambuliko wa kutendea uliorudiwa, ni kumwandama asipate nafasi. Anayefuatilia ni mpelelezi, mwenye kudai mkopo, au mama anayetaka kujua mwanawe alilala wapi. Mkazi wa Free Area, mashariki mwa Nakuru kando ya barabara kuu ya Nairobi, aliyekaa dukani miaka mitano hadi shati likakataa kufunga, kisha akaamua kukata kitambi kwa kutembea hadi mjini badala ya kupanda matatu, haandamwi na mtu. Anajiandikia mwenyewe. Ni kweli zipo programu zinazouza habari za mtumiaji kwa wafanyabiashara, na hizo jina la kifuatiliaji linazifaa kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaziweka habari za afya katika fungu la data nyeti. Lakini istilahi haitungwi kwa kutazama mwizi.

Kosa la pili ni afya. Neno hili limetoka katika Kiarabu ʿāfiya, lenye mzizi wa kufuta na kusamehe, mzizi uleule uliotupa afu na afua. Mwenye afya, kwa asili ya neno, ni aliyesamehewa: ugonjwa umempita. Siha ina mzizi mwingine, wa uzima na unyofu, na ndugu zake Kiswahilini ni sahihi, usahihi na sahihisha. Mtu asiyeumwa popote anaweza kuwa na afya na bado akatweta kwenye ngazi ya ghorofa ya pili. Alichopoteza ni siha, na anaporudi kutembea anausahihisha mwili wake. Wapinzani hukumbusha kwamba Waarabu wenyewe wizara yao ya afya huiita kwa neno la siha. Ndivyo ilivyo. Maneno yakishavuka bahari hugawana kazi upya, na Kiswahili hakidaiwi hesabu ya mgawanyo huo.

Daftari ndilo neno lililokuwa karibu kuliko yote, na labda ndiyo sababu halikuonekana. Safari yake ni ndefu. Wagiriki walikuwa na diphthera, ngozi ya mnyama iliyoandaliwa. Herodotus anaeleza kwamba Waionia waliendelea kuyaita makaratasi ya mafunjo kwa jina la ngozi, kwa sababu zamani, mafunjo yalipoadimika, waliandika juu ya ngozi za mbuzi na kondoo. Kutoka hapo neno likapita Uajemi na Uarabuni likiwa daftar, kitabu cha hesabu na kumbukumbu, hadi likafika pwani ya Afrika Mashariki. Ugonjwa wa dondakoo nao una jina la kitaalamu lililotoka katika ngozi hiyohiyo, kwa ajili ya utando unaotanda kooni, ila huo ni ukoo wa upande wa pili.

Kwa hiyo pingamizi kwamba daftari ni kitu cha karatasi halina uzito. Neno lilizaliwa kwenye ngozi, likahamia mafunjo, kisha karatasi. Kioo cha simu ni kituo kingine tu. Tanzania ilipoanza kuandikisha wapigakura kwa alama za vidole na picha za kidijitali mwaka 2015, Daftari la Kudumu la Wapigakura liliendelea kuitwa daftari, na hakuna aliyeuliza karatasi zimekwenda wapi. Mama wa chama anayeandika nani ametoa na nani bado hutumia neno hilo kila wiki. Anajua maana yake kuliko kamati yoyote: mahali ambapo kilichofanyika hakiwezi kukanwa.

Yapo majina mengine yanayoshindana. Kihesabuhatua ni zuri kwa kifaa kinachohesabu hatua peke yake, lakini linaishia hapo. Usingizi hauna hatua. Kifuatanyayo lingependeza mahali pengine, lakini Nakuru, na Kabarak kwa Moi haiko mbali, nyayo zina mwenyewe: Rais Daniel arap Moi alitawala Kenya kwa kaulimbiu ya Nyayo miaka 24. Wapo pia wanaotaka neno la Kiingereza liachwe lilivyo, na hutoa mfano wa Free Area yenyewe, ambayo makanga akiiita Eneo Huru ataondoka na matatu tupu. Hoja hiyo inachanganya jina la mahali na jina la kitu. Mahali huitwa walivyopaita waliokuwapo.

Wajapani ndio walioonyesha jinsi ya kukipa kitu jina. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa iliuza kifaa kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilikuwa la kibiashara, halikutoka maabara, nalo likaipa dunia nzima shabaha ambayo programu nyingi bado huionyesha. Utafiti ulioongozwa na I-Min Lee wa Harvard, uliotolewa mwaka 2019, uliwachunguza wanawake wazee wa Marekani na kukuta kwamba wenye hatua 4,400 hivi kwa siku walikufa kwa uchache kuliko wenye 2,700, na kwamba faida ilisita kuongezeka karibu na hatua 7,500. Jina likipendeza, hata tarakimu yake huaminiwa.

Kuhusu matumizi: simu ikae mwilini, kwa sababu kihisi chake husoma mtikisiko, na boda boda kwenye njia mbovu huweza kuandikiwa hatua ambazo hazikupigwa. Mlima nao usihesabiwe sawa na tambarare, kwani kutoka mjini hadi ukingo wa Menengai ni kupanda mita 400 hivi. Kwa wiki, angalau dakika 150 za mazoezi ya nguvu ya wastani ndizo zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani.

Daftarisiha huandikwa neno moja, kama batamaji na mbwamwitu, nomino kuu ikitangulia. Liko katika ngeli ya LI-YA, wingi wake madaftarisiha. Katika kamusi mahali pake ni herufi D, mara tu baada ya daftari, na nafasi hiyo bado iko wazi.