Karak 1183: Ngome iliyomshinda Salahuddin

Mwaka 1183, msafiri mmoja wa Andalus aitwaye Ibn Jubayr alishuka Alexandria akiwa njiani kwenda Hija. Akakuta umati umefurika barabarani. Mateka wa Kikristo walikuwa wakipitishwa mjini juu ya ngamia, nyuso zao zimegeuzwa kuelekea mkiani, huku matoazi na baragumu vikilia pande zote.

Mateka hao walikuwa mabaki ya kikosi kilichotumwa na Reynald wa Châtillon, bwana wa ngome ya Karak katika nchi ambayo leo ni Jordan. Alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna mpiganaji yeyote wa Vita vya Msalaba aliyewahi kulithubutu. Aliunda merikebu, zikabebwa na ngamia vipande vipande hadi Ghuba ya Aqaba, zikaunganishwa huko na kushushwa Bahari ya Shamu. Watu wake wakachoma vyombo vya Waislamu, wakapora hata Aydhab, bandari ya upande wa Afrika ambako mahujaji wa Misri na Maghrib walivukia kwenda Jeddah. Kisha wakaelekea pwani ya Hijaz. Al-Adil, aliyekuwa akiisimamia Misri kwa niaba ya nduguye Salahuddin, sultani wa Misri na Shamu, akamtuma amiri Husam al-Din Lu'lu' na merikebu zake kuwaandama mpaka akawamaliza. Wawili kati yao walipelekwa Mina, karibu na Makka, wakachinjwa huko.

Wasimuliaji wengi wa kisa cha Karak huanza na harusi, na harusi tutaifikia. Lakini mzizi wa vita hivi ulikuwa baharini. Salahuddin alikuwa amejitwika jukumu la kuilinda njia ya Hija, na mbele ya Waislamu wote mtu mmoja alikuwa ameidharau. Akaapa kumuua Reynald kwa mkono wake.

Tatizo lilikuwa mahali alipokaa mtu huyo. Karak ilianza kujengwa mwaka 1142 juu ya mgongo mwembamba wa mlima, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Ubavuni mwake kuna miteremko ambayo hata mbuzi huipanda kwa shida. Upande wa kaskazini, ambako mlima umeungana na mji, wajenzi walichonga handaki refu kwenye mwamba, wakaacha daraja moja tu la kuvukia. Na chini ya mlima ilipita barabara kuu ya Misri na Shamu, kwa hiyo misafara ya biashara ya Salahuddin, mahujaji na hata majeshi yake vilipita machoni pa Reynald, naye alikwisha kuishambulia misafara hiyo hata wakati wa mkataba wa amani.

Juni 1183 Salahuddin aliutwaa mji wa Halab, mgongo wake ukawa salama. Novemba akaigeukia Karak, na al-Adil akaja na jeshi jingine kutoka Misri.

Ndani ya ngome kulikuwa na shamrashamra. Humphrey wa Toron, mtoto wa kambo wa Reynald, alikuwa akimwoa Isabella, dada wa mfalme wa Yerusalemu kwa baba. Bwana harusi alikuwa kijana, bibi harusi mtoto wa miaka 11. Walikuwamo wageni, wapiga ala na wachezaji waliokuja kutumbuiza. Juu yao wakamiminika wanavijiji wa mabondeni, wake kwa waume, wengi wao Wakristo wa Shamu waliokimbia jeshi lililokuwa likija.

William wa Tyre, askofu mkuu na mwandishi mahiri wa historia ya ufalme wa Kikristo wa Yerusalemu, anamlaumu Reynald waziwazi, nami naona ana haki. Reynald aliwakataza watu wa mji kuhamishia mali zao ngomeni, akidhani angeweza kuulinda mji wenyewe. Hakuweza. Askari wa Salahuddin walipenya, na watetezi wakageuka kukimbilia darajani bila mpangilio. Nusura washambuliaji waingie ngomeni wakiwa wamechanganyika nao. Kilichowazuia ni mtu mmoja, askari aitwaye Iven, aliyesimama darajani na upanga wake akapigana mpaka wenzake wakapita. Kwa hofu, waliokuwa ndani wakalivunja daraja lile. Likawa limewaokoa, na hapohapo likawafungia: wasingeweza tena kutoka kumshambulia adui.

Mji ukawa wa Salahuddin, na humo akasimamisha manjaniki, ile mitambo mikubwa ya kurushia mawe. William anahesabu minane, sita upande wa mji na miwili nje. Mawe yalirushwa usiku na mchana. Watetezi walijaribu kuunda mtambo wao wa kujibu mapigo, lakini kila mafundi walipoinua vichwa walilengwa kwa ustadi hata wakaiacha kazi.

Hapa ndipo kinapoingia kile kisa maarufu. Inasemekana mama wa bwana harusi, Bi Stephanie, alimpelekea Salahuddin chakula cha harusi, naye Salahuddin akauliza maharusi wamelala mnara upi, kisha akaamuru mnara ule usipigwe mawe. Kisa hiki kinatoka katika simulizi za Wakristo zinazohusishwa na mtu aitwaye Ernoul. William, aliyeandika wakati uleule, hakitaji. Kinalingana na tabia ya Salahuddin tunayoijua kwingineko, ila nisingekijengea hoja. Minara mingine iliendelea kupigwa, na waliosongamana chini yake ni wakulima.

Wokovu wa Karak ulitoka Yerusalemu, kwa mtu ambaye hakuna aliyemtazamia. Mfalme Baldwin wa Nne alikuwa na umri wa miaka 22. Ukoma ulikuwa umemla mikono na miguu, na macho yake hayakuona tena. Miezi michache kabla alikuwa amemkabidhi shemeji yake, Guy wa Lusignan, uendeshaji wa ufalme. Guy alipovurunda, mfalme alimnyang'anya madaraka, na Novemba hiyohiyo akamtawaza mpwa wake mdogo awe mfalme mwenza. Kisha akaamuru moto uwashwe juu ya Mnara wa Daudi kuwapa ishara watu wa Karak kwamba msaada unakuja. Yeye mwenyewe akabebwa kwa machela, akaongozana na jeshi, Raymond wa Tripoli akiwa amiri jeshi.

Jeshi lilipofika kusini mwa Bahari ya Chumvi, Salahuddin alijua hawezi kubaki kati ya kuta zisizovunjika mbele yake na wapiganaji mgongoni. Mwanzoni mwa Desemba akang'oa hema.

Alirudi kiangazi cha 1184, safari hii akitaka kulifukia handaki lenyewe. Wafanyakazi walijengewa njia zilizoezekwa ili wafike ukingoni bila kupigwa mishale. Ilikuwa kazi kubwa na ya akili, lakini jeshi la Yerusalemu likatoka tena, naye akaondoka tena. Ibn Jubayr, aliyekuwa Damascus wakati huo baada ya kumaliza Hija yake, alishangaa kuona kwamba vita hivyo havikuzuia biashara: misafara ya Waislamu iliendelea kupita katika nchi ya Wakristo, na ya Wakristo katika nchi ya Waislamu, kila mmoja akilipa ushuru wake.

Baldwin alifariki mwaka 1185. Julai 1187 jeshi zima la Yerusalemu liliangamia mbele ya Salahuddin katika vita vya Hattin. Salahuddin akatimiza kiapo chake kwa kumuua Reynald hemani mwake, na Humphrey akatekwa. Inasimuliwa kwamba Bi Stephanie alimwomba Salahuddin amwachie mwanawe, akaambiwa bei ya kijana ni ngome za mama yake. Askari wa Karak walikataa kuzitoa, na mama akamrudisha kijana kifungoni kwa kuwa hakuweza kulipa ahadi. Baadaye Salahuddin alimwachia huru bila malipo.

Ngome ilikuwa ileile na handaki lilelile, ila sasa hapakuwa na jeshi la kutoka Yerusalemu. Majeshi ya al-Adil yalifunga njia zote, yakangoja. Watetezi walivumilia zaidi ya mwaka mzima mpaka chakula kikaisha kabisa. Simulizi za Wakristo zinasema wengine waliwauza wake na watoto wao kwa Mabedui ili wapate cha kula. Novemba 1188 wakafungua lango. Salahuddin aliwaacha waende zao salama, na Karak ikawa ya al-Adil.