Askari Asiye na Kura

Msomaji wangu, ikiwa kwenu ni Kakamega, yamkini katika ukoo wenu lingali likitajwa jina la babu aliyekwenda Keya, ndilo jeshi la King's African Rifles. Masimulizi ya namna hiyo aghalabu huishia vitani. Mimi nataka tuanze pale askari aliporudi kwao, akavua sare, akauliza ni nani amsemeaye katika Baraza la Kutunga Sheria.

Baraza hilo liliundwa mwaka 1907. Walowezi wa Kizungu walianza kulipigia kura mwaka 1920, vita vya kwanza vikiwa vimekwisha punde tu. Mzungu aliyerudi vitani aliweza kupewa shamba kwa mpango wa mwaka 1919. Mpagazi wa Kariakoo, aliyebeba mizigo ya jeshi mpaka wenziwe wakafa njiani kwa maelfu, alipewa kipande cha kuchukua shingoni. Mambo ya Waafrika yalisemwa Barazani na Mzungu aliyeteuliwa na Gavana, kwa kawaida mmisionari.

Usidhani kwamba hilo lilikuwa jambo la heshima tu. Mwaka 1930 ilitungwa sheria ya kulinda ardhi za wenyeji: kipande kikitwaliwa, sharti wapewe ardhi nyingine badala yake, na Baraza la Wenyeji la wilaya liulizwe kwanza. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Wachimbaji wakamiminika, na kabla ya mwaka 1932 kwisha sheria ile ilikwisha kubadilishwa: fidia ya fedha ikatosha, na shauri la wenyeji halikulazimu tena. Ahadi ya miaka miwili! Katika waliopiga kura ya kuibadilisha hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Mpagazi wa zamani aliona shimo likichimbwa shambani mwake, asiwe na mjumbe wa kumlaumu.

Hata hivyo, vita vya pili vilipozuka, vijana waliitwa tena. Kutoka Kenya walikwenda Waafrika wapatao 98,000. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941, Bukini mwaka 1942, kisha Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Eliud Mathu akawa Mwafrika wa kwanza kuingia Barazani. Naye aliteuliwa, hakuchaguliwa.

Kenya haikuwa peke yake katika jambo hili. Wakazi wa Washington, mji mkuu wa Marekani, wamepigana katika vita vya nchi yao, lakini kura ya kumchagua Rais waliipata mwaka 1961, na hata leo mjumbe wao katika Bunge hapigi kura sheria zinapopitishwa.

Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza Machi 1957. Nyanza ya Kaskazini, ambayo makao yake yalikuwa Kakamega, ilimchagua Masinde Muliro, mwalimu, akamshinda W. W. W. Awori aliyekuwamo Barazani kwa kuteuliwa. Lakini kura ilipimwa kwa elimu, mali, kipato na utumishi, hata mtu mmoja aliweza kuwa na kura tatu na jirani yake asiwe na hata moja. Viti vya Waafrika vilikuwa 8, vya Wazungu 14. Nayo sensa ya 1948 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 5, na Wazungu wasiotimia 30,000. Fanya hesabu mwenyewe.

Mwaka 1961 mlango ulipanuliwa: aliruhusiwa ajuaye kusoma na kuandika lugha yake, au aliyepita miaka 40, au apataye pauni 75 kwa mwaka. Basi mfikirie kijana aliyekwenda Burma akiwa na miaka 20, asiyejua kusoma, ambaye shamba lake halikumpa kipato hicho. Mwaka 1961 alikuwa na miaka 37. Ilimpasa angoje tena, hadi Mei 1963.