Michezo ya Kale katika Mawimbi ya Kati

Historia ya redio nchini Marekani ina sura moja isiyosomwa sana: jinsi vituo vya mawimbi ya kati, yaani AM, vilivyojaribu kujiokoa kwa kurudisha hewani michezo iliyokwisha kusahauliwa.

Tangu kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilipotangaza matokeo ya uchaguzi wa rais mwezi Novemba 1920, kwa miongo kadhaa AM ndiyo iliyokuwa redio yenyewe. Michezo kama The Lone Ranger, ulioanzia Detroit mwaka 1933, ilikusanya jamaa nzima sebuleni. Kisha televisheni ikachukua waigizaji pamoja na makampuni yaliyogharimia vipindi. Tarehe 30 Septemba 1962 shirika la CBS likarusha michezo yake miwili ya mwisho ya mfululizo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 muziki nao ulikuwa ukihamia FM, ambayo sauti yake haikwaruzwi na radi.

Baadhi ya vituo vilivyobaki na pengo viligeukia santuri za zamani. Kuwepo kwa santuri hizo ni bahati. Michezo mingi ilichezwa papo hapo mbele ya kipaza sauti, mingine mara mbili kwa usiku mmoja, kwa ajili ya pwani ya mashariki na ya magharibi. Santuri zilikatwa, pamoja na sababu nyingine, ili mdhamini ahakikishe alicholipia. Wakati wa vita, alumini ilipoadimika, zilitengenezwa kwa kioo, na kioo huvunjika.

Sisi wa maofisini tunaijua hoja iliyotumika: cha bei nafuu hupitishwa haraka. Hata hivyo usiku ilifaa. Giza likiingia, mawimbi ya kati hurudishwa na tabaka za juu za anga, na kituo cha wati 50,000 husikika katika majimbo mengi. WBBM ya Chicago ilirusha michezo hiyo usiku katika miaka ya 1990. Mchana ni habari nyingine, maana mchezo wa nusu saa hutaka sikio zima.

Aliyeona mbali zaidi, nadhani, ni Himan Brown, aliyetengeneza mipya. Kipindi chake, CBS Radio Mystery Theater, kilitoa michezo 1,399 kati ya Januari 1974 na Desemba 1982.

Leo mwenye simu huipata michezo ileile ya kale kwa intaneti saa aitakayo, na baadhi ya magari ya umeme hutengenezwa bila AM, kwa kuwa mitambo yake huvuruga mawimbi hayo.