Jolene: Mke Aliyekwenda Kuomba

Jumapili alasiri, kwenye kibanda cha chai kando ya barabara ya James Gichuru hapa Muthangari, Nairobi, redio ndogo imening'inizwa msumarini. Gitaa linaanza kudonoa nyuzi mbio mbio, kisha sauti ya mwanamke inaliita jina lile lile mara nne. Mama mwenye kibanda anaufuatisha wimbo neno kwa neno, mwiko mkononi. Mandazi yanaanza kuungua upande mmoja. Hayaepui mpaka kiitikio kiishe.

Wimbo wenyewe ni "Jolene" wa Dolly Parton. Aliurekodi Nashville mwaka 1973, na Februari 1974 ukashika nambari 1 kwenye chati ya kantri Marekani. Parton ameeleza mara nyingi ulikotoka. Aliolewa na Carl Dean, mtu wa kazi ya lami, mwaka 1966. Muda si mrefu karani mmoja wa benki, mrefu, mwenye nywele nyekundu, akawa anamchangamkia Carl kupita kiasi, naye Carl akawa na safari zisizoisha za kwenda benki. Jina lilitoka kwingine kabisa: msichana mdogo aliyemwendea Parton baada ya onyesho kutaka saini yake. Jolene. Parton alilipenda, akawa analirudia mdomoni lisimpotee.

Muziki wa kantri si mgeni nchini Kenya. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, baba wa kantri, lililogeuzwa na ndimi za watu waliomsikia kwenye santuri. Wakamwimba kama kiumbe nusu mtu, nusu paa. Leo Elvis Otieno, Sir Elvis, anajaza kumbi kwa nyimbo hizi, na mpiga mugithi mwenye gitaa moja anaweza kutoka wimbo wa Kikuyu akaingia wa Nashville bila wachezaji kukaa chini.

Lakini kuupenda mdundo ni jambo moja. Kinachonishangaza ni kwamba "Jolene" umependwa hivi katika nchi ambayo wimbo wa mke na mwizi wa mume una desturi nyingine kabisa. Pwani, mwanamke aliyechokozwa hutunga mpasho, wimbo wa taarabu wa kumsema mpinzani. Miaka ya 1990, waimbaji Khadija Kopa wa kikundi cha TOT na Nasma Khamis wa kikundi cha Muungano walitupiana maneno jukwaani Dar es Salaam, na kanda zao zikasikika mpaka Mombasa. Katika mpasho unajisifu, unamdhalilisha mwenzako, na shabiki anapanda kukutunza noti huku akimtazama jirani anayemlenga. Kumwomba? Ungezomewa.

Parton anaomba. Anamsifu mwenzake nywele, ngozi, macho na sauti, kisha anakiri kwamba hamwezi. Hamtukani. Mume hapewi hata nafasi ya kujitetea, ingawa ndiye anayelitaja jina la Jolene usingizini. Kwangu mimi huo ni ujasiri mkubwa kuliko matusi yote ya jukwaani, maana mpasho humlinda anayeuimba, na ombi humwacha wazi.

Mwaka 2024 Beyoncé aliurudia kwenye albamu yake ya Cowboy Carter, akabadilisha maneno: haombi tena, anaonya. Watu wa taarabu wangemtambua mara moja. Toleo lake nalipenda, ila nikilisikia sihofii lolote juu ya huyo mke. Kwa Parton nahofia kila mara, tangu gitaa linapoanza, na wimbo unakwisha Jolene hajajibu.

Nilimwuliza mama wa mandazi kama yeye angekwenda kumwomba mpango wa kando wa mumewe. Alifuta mikono kwenye leso, akafikiri kwa muda.

"Ningeenda, mwanangu. Usiku, nimejifunika. Huyu alienda mchana, tena na redio."

Akaniongezea chai.