Gari la mtumba: mnada wa Japani au yadi ya bandarini?

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anayetafuta gari lililotumika ana njia kuu mbili: kuagiza kutoka minada ya Japani, au kununua lililokwisha kufika katika yadi za Mombasa na Dar es Salaam. Mnadani bei huwa ya chini, lakini si gharama yote.

Mnada

Minada ya Japani, kama ile ya kampuni ya USS, ni ya wanachama. Mnunuzi wa nje humtumia wakala. Juu ya bei ya mnada huongezwa ada ya mnada, ada ya wakala, usafiri hadi bandarini, ukaguzi, nauli ya meli na bima.

Gari halijaribiwi, mnunuzi hutegemea karatasi ya ukaguzi. Alama 4 au 4.5 ni gari zuri, R au RA ni lililopata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni palipokarabatiwa na S ni kutu. Nakala ya karatasi hiyo idaiwe kabla ya kutuma fedha.

Yadi

Bei ya yadi ni ya juu kwa sababu mwenye yadi amefunga mtaji wake na kubeba hatari ya safari. Mnunuzi huwasha injini, huliendesha na kulichukua. Hata hivyo, naye aombe karatasi ya mnada na kulinganisha namba ya chasi na kilomita. Anayelipeleka gari Kampala aulize kama limelipiwa ushuru Kenya au bado liko chini ya dhamana ya forodha, asije akalipa kodi mara mbili.

Ushuru na umri

Hapa wengi hukosea hesabu. Nchini Kenya, KRA hukokotoa ushuru kwa bei rejea ya gari jipya iliyopunguzwa kulingana na umri, si kwa bei ya mnada. TRA na URA nazo zina viwango vyao vya thamani. Kwa hiyo bei ya kutupa mnadani haipunguzi kodi kwa kiasi hicho hicho.

Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria ya 2018, hukataa lenye miaka 15 au zaidi. Tanzania haikatazi, ila huongeza ushuru kwa gari kuukuu.

Kwa ufupi, mnada unamfaa mwenye mtaji unaoweza kukaa baharini wiki kadhaa. Msafirishaji mwenye mzigo unaosubiri atafute yadini.