Twiga wa Takhti Jamshidi na Miamba ya Kolo

Mtu wa pwani akiulizwa asili, aghalabu ulimi wake hukimbilia Shirazi. Tarehe ya Kilwa yamtaja Ali bin Hasan kuwa mwana wa mji huo. Watu wa Makunduchi hukoga mwaka kwa hesabu ya Nairuzi. Na mwaka 2023 wataalamu waliochunguza mifupa ya makaburi ya kale ya pwani walieleza kuwa wameona nasaba ya Uajemi upande wa baba na ya Afrika upande wa mama. Dai, basi, si la hewani. Lakini anayelitamka huishia mjini Shirazi upande mmoja, na ufukweni upande wa pili.

Mwendo mfupi kutoka Shirazi yapo magofu ambayo Waajemi huyaita Takhti Jamshidi na Wayunani waliyaita Persepolis. Dario wa Kwanza alianza kuujenga mji huo yapata mwaka 518 kabla ya Masihi. Aleksanda wa Makedonia akauchoma mwaka 330. Wachimbaji wa Ernst Herzfeld, waliotumwa na Chuo Kikuu cha Chicago katika miaka ya 1930, walikuta maelfu ya vibao vya udongo: hesabu za posho za shayiri na mvinyo za vibarua na wasafiri. Ajabu ya dola kubwa, kwamba moto wa adui uliteketeza paa na kuyaacha madaftari.

Kwenye ngazi za ukumbi wa nguzo 72 zimechongwa safu za mataifa 23 yakileta tunu kwa mfalme. Wa mwisho ni watu wa Kushi, wenye nywele za kipilipili, wamebeba pembe ya ndovu na kumvuta mnyama kwa kamba. Wengine husema ni twiga, wengine okapi. Yamkini mchongaji hakupata kumwona mnyama huyo. Alichoambiwa atie ni utii wa nchi ya mbali.

Twiga wa Kondoa hana kamba. Katika miamba ya Kolo na vijiji jirani, kaskazini ya mji wa Kondoa, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, amechorwa kwa rangi nyekundu na mkono uliomjua shingo na mwendo, pamoja na ndovu, pofu, na watu warefu wembamba wenye vilemba vya ajabu. Wataalamu wengi huwahusisha wachoraji hao na wawindaji wa kale, jamaa za Wasandawe wa leo. Michoro myeupe iliyokuja baadaye ni ya wakulima. Mfalme hayumo. Vibao vya hesabu navyo havimo, na ndiyo sababu historia ya hapa yasomeka polepole. Pangoni Kisese, palipochimbwa na Ray Inskeep mwaka 1956, shanga za maganda ya mayai ya mbuni zimepimwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40,000. Dario, kwa kipimo hicho, ni mtu wa juzi.

Mary Leakey alikuja mwaka 1951 na selofani zake, akanakili picha moja baada ya moja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983. UNESCO iliiandika miamba ya Kondoa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na haikuandika rangi peke yake. Iliandika pia kwamba watu bado wanaitumia.

Hapo ndipo penye mvutano. Mungomi wa Kolo ni pango la matambiko: Warangi huenda kuomba mvua na uzima, na pombe inayomwagwa hufika kwenye picha na kuzidhuru. Mhifadhi huona doa, mzee wa kaya huona sala. Kumzuia mzee ni kulifanya pango liwe Takhti Jamshidi la pili, safi, lenye wageni, lisilo na mwenyewe. Na kumwachia bila mashauriano ni kuihatarisha rangi ambayo hakuna aliye hai ajuaye kuirudisha. Mvua ikichelewa Kondoa, njia ya Mungomi hupandwa.