Pasaka ya Tarehe 14 Aprili

Katika wilaya za Biharamulo na Ngara, mwezi wa Aprili hujitambulisha wenyewe. Mvua za masika hupiga vilima, barabara za udongo huteleza kama sabuni, na dereva wa lori hupima kila bonde kwa macho kabla ya kuliteremkia. Mkazi wa huko hahitaji kuelezwa ugumu wa mashindano ya motokaa ya Afrika ya Mashariki. Yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Baadaye yakawekwa wakati wa Pasaka, yaani katika majira ambayo mwenye busara huahirisha safari.

Pasaka haina tarehe moja, kwani hufuata mwandamo wa mwezi. Hata hivyo, katika miaka ya 1963, 1968 na 1974, Jumapili ya Pasaka iliangukia tarehe 14 Aprili.

Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84; zilizomaliza ni 7 tu. Wa kwanza walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404, na waliofika wakaitwa Saba Watukufu. Pasaka ilipoirudia tarehe ile mwaka 1968, ziliondoka motokaa 93. Matope yakazimeza, zikamaliza 7 tena. Na walioongoza walikuwa Nowicki na Cliff wale wale, katika Peugeot 404. Mara hii waliofika wakaitwa Saba Wasiozama. Ushindi wa kwanza waweza kuitwa bahati. Wa pili, katika tope lile lile, hauna budi kuitwa maarifa.

Mwaka 1974 ilikuwa zamu ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na David Doig. Mitsubishi yao ndogo iliitangulia Porsche ya Björn Waldegård, yenye nguvu kuizidi. Mwenda pole hajikwai, na anayeijua njia humshinda anayeutegemea mwendo.

Washindi hao walistahili sifa zao. Lakini masika hayakuumbwa kwa ajili ya mashindano. Dereva anayepeleka mgonjwa hospitali kwa njia ya udongo, huko Ngara au Biharamulo, hushindana na matope yale yale, bila saa ya mwamuzi wala kikombe. Naye, akifika, huwa ameshinda.